Mkalimani wa Sebuleni kwa Bashiri

Watoto wa siku hizi ukiwaambia kwamba zamani mtu alinawa miguu kwanza ndipo aingie kuangalia televisheni, wanakutazama kama umeanza kuchanganyikiwa. Mwanamvita alishaacha kuwaambia. Mwanawe Ashraf, kijana mzima anayesimamia mizigo ya malori pale mpakani Tunduma, alimjibu siku moja bila kuinua macho kutoka kwenye simu, "Sasa miguu na TV vinahusiana nini, mama?" Mwanamvita hakuwa na jibu fupi, na jibu refu Ashraf hakuwa na muda wa kulisikiliza.

Jibu refu lenyewe ni hili. Baba yake Mwanamvita, mzee Bashiri, alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyefika Tunduma akiwa utingo kwenye lori la watu. Utingo akawa dereva, dereva akaoa, akajenga Chapwa wakati Chapwa bado ni mashamba ya mahindi na nyumba za hapa na pale. Siku moja akarudi kutoka Zambia na televisheni ya chogo, ya picha nyeusi na nyeupe, ameiviringisha blanketi kama mgonjwa. Wakati huo Tanzania bara hakukuwa na stesheni hata moja ya televisheni. Lakini Tunduma ni Tunduma, Zambia iko pale ng'ambo ya barabara, na mawimbi hayaulizwi pasipoti. Bashiri akafunga antena juu ya mwanzi mrefu, akaigeuza upande wa Nakonde, na picha ikaja. Umeme haukuwa umefika mtaani, kwa hiyo televisheni ilikula betri ya akiba ya lori, iliyobaki nyumbani hata yeye akiwa safarini.

Betri hiyo ndiyo iliyotunga sheria. Bashiri alisema televisheni haiwashwi kwa ajili ya mtu mmoja. Betri ni ya lori, na lori ndilo linalotulisha, kwa hiyo kama ni kuila, basi iliwe na wengi. Hata yeye mwenyewe, akirudi safari na kukuta sebule haina mtu, hakuwasha. Alikaa kitini akaitazama ile chogo imefunikwa kitambaa cha kufuma, akangoja majirani, na majirani hawakuwa watu wa kuchelewa. Walinawa miguu kwenye ndoo mlangoni, watoto wakajipanga mkekani, wakubwa wakakaa nyuma yao, na waliokosa nafasi wakasimama dirishani. Mmoja alibaki nje kuushika mwanzi, nayo ilikuwa kazi ya zamu, maana mshika mwanzi haoni kitu.

"Geuza kidogo."

"Zimerudi chenga."

"Hapo hapo. Usipumue."

Ndivyo masikio ya Mwanamvita yalivyofundishwa tangu udogoni. Sauti ya televisheni ikitoka ndani ya nyumba, maana yake ilikuwa moja tu, kwamba humo ndani kuna watu. Neno hilo lishikeni, kwa sababu ndilo lililokuja kumliza.

Sasa, shida ya stesheni ile ni kwamba ilisema Kibemba na Kiingereza, na sebule ya Bashiri ilijaa Wanamwanga, Wanyiha na Warangi wake wachache. Hapo ndipo Ketrina alipopata kazi. Alikuwa binti wa nyumba ya jirani, mkubwa kwa Mwanamvita kwa miaka kadhaa. Mama yake aliuza karanga upande wa Nakonde, na Ketrina alikulia chini ya meza ile ya karanga, akakinyonya Kibemba pamoja na maziwa. Bashiri alimpa kigoda mbele kabisa, ubavuni mwa televisheni, awe anatazama watu na picha kwa pamoja. Kila jioni alianza na salamu ya Kibemba, "Mulishani mukwai," na mkeka mzima ukaitika, "Bwino," ndipo kazi ianze. Kwenye mchezo wa kuigiza alitoa sauti zote, ya mume mlevi, ya mke, ya mama mkwe, mpaka ya mbwa. Watu walicheka wakamsahau yule aliyekuwa nje ameshika mwanzi.

Taarifa ya habari ilisomwa kwa Kiingereza, na Kiingereza Ketrina hakukijua. Je, alikiri? Hata kidogo. Aliitazama picha, akaipa maneno. Waziri akionekana anahutubia, Ketrina alisema anawakanya wanaume wanaokunywa hela ya mbolea, na wanawake wa nyuma wakaguna kwa kuridhika. Mbuga ya wanyama ikionekana, alisema tembo wamegoma. Wapo waliomshuku, lakini nani angemsahihisha? Asiyejua na asiyejua wanakwenda njia moja.

Mwanamvita alikuwa na umri wa darasa la tatu hivi ile jioni ilipoonyeshwa picha ya lori limelala ubavu kwenye bonde, magurudumu juu, watu wamesimama kandokando. Baba yake alikuwa safarini huko huko Zambia, na alikuwa amepitiliza siku zake za kurudi. Mama yake Mwanamvita alijifunika mdomo kwa upande wa kanga. Mtoto akainuka mkekani, akamwendea Ketrina na kumshika goti.

"Wanasemaje, dada?"

Ketrina aliangalia picha, akamwangalia mtoto. "Wanasema lori lilikuwa la mahindi, la watu wa Kasama. Dereva ametoka mzima. Yuko kwa wenyeji pale kijijini, anakula nshima, ugali wao, na samaki."

Mwanamvita akarudi mkekani akalala usingizi. Baada ya siku chache Bashiri aliingia na lori lake zima, vumbi mpaka kwenye kope, kumbe alizuiwa na springi iliyovunjika. Miaka mingi ilipita. Siku Mwanamvita anapakwa hina ya harusi yake, Ketrina alimnong'oneza sikioni kwamba ile jioni ya lori hakuelewa hata neno moja. "Nilikuwa natetemeka kuliko wewe," alisema. "Lakini ningekwambiaje, mdogo wangu?" Tangu siku hiyo Mwanamvita alimpenda kwa namna ambayo hakuwapenda hata ndugu zake wa tumbo moja.

Halafu dunia ikaenda mbio. Umeme ukafika Chapwa. Stesheni za nyumbani zikaanza, za Kiswahili, na kila mtu akaelewa mwenyewe. Mkalimani akakosa kazi. Nyumba moja ikanunua televisheni yake, ya pili ikanunua, na ndoo ya kunawia miguu mlangoni kwa Bashiri ikahamia bandani kwa kuku. Mzee akaishi miaka yake ya mwisho na televisheni ya rangi na sebule tupu, na mara nyingi hakuiwasha, ingawa betri ya lori haikuhusika tena. Alipofariki, Mwanamvita akabaki katika nyumba ile na mumewe Habibu, na Habibu naye akatangulia. Ketrina alikuwa ameolewa Igamba. Alipofiwa na mume wake Zebedayo, akarudi Chapwa kwenye kiwanja cha wazazi wake. Wakawa majirani tena kama zamani, isipokuwa pale palipokuwa na ua wa minyaa watoto wakipenya, sasa palikuwa na ukuta wa tofali, juu yake vipande vya chupa.

Ketrina alikuwa na mtoto mmoja, Nesta, nesi huko Mbeya mjini. Nesta ni mtoto mwema, tusije tukamsema vibaya. Analala zamu, anaamkia zamu, na kila akipiga simu roho ilimuuma kumsikia mama yake yuko peke yake. Akamletea televisheni bapa, pana kama mlango, na king'amuzi ambacho alikilipia yeye kwa simu kila mwezi. "Hii itakuongelesha, mama," alisema. "Hutakuwa mpweke." Ketrina akawa hodari wa tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili. Alipowasikia wale wanaozitafsiri, mtu mmoja akibadili sauti ya bwana na ya mtumishi, alicheka mpaka akashika mbavu. "Hawa wameniibia kazi, Mwanamvita. Hawa wamekaa kwenye kigoda changu."

Mwanzoni Mwanamvita alikwenda kila jioni. Wakakaa wawili kitini, miguu juu ya mkeka, Ketrina akitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili kwa makusudi, akipotosha kila kitu ili mwenzake acheke. Kisha Ashraf naye akamnunulia mama yake televisheni bapa, maana kijana mwenye kipato ataachaje mama yake akazurure kwa jirani? Stesheni zikawa nyingi kuliko vipindi vya siku. Mwanamvita akaanza kufuatilia tamthilia yake ya Kifilipino, nayo ilirushwa saa ile ile ya Mturuki wa Ketrina. Leo akakosa kwenda, kesho akakosa. Hawakugombana. Afadhali wangegombana, maana waliogombana husuluhishwa.

Ilibaki salamu ya ukutani. Jioni jioni Ketrina alisimama upande wake akapaza sauti, "Mulishani mukwai."

"Bwino," Mwanamvita alijibu, anakuna nazi au anaosha vyombo.

"Njoo leo, nikutafsirie."

"Kesho, dada, inshallah."

Alhamisi moja ya mwaka jana, Ketrina aliongeza neno. Alisema, "Kesho yako hii ndefu, mdogo wangu." Alisema kwa utani, lakini lilimchoma Mwanamvita likakaa ndani. Usiku ule hakumfurahia hata Mfilipino wake. Akaamua kwamba Ijumaa atakwenda, iwe isiwe.

Ijumaa akapika vitumbua. Jua lilipoelekea kuzama alivipanga kwenye bakuli, akafunika kwa sahani, akajitanda mtandio safi na kuzunguka mpaka kwenye geti la Ketrina. Alikuwa ameshainua mkono agonge aliposikia sauti ndani. Mwanamume aliongea kwa bashasha, mwanamke akamjibu, kisha watu wengi wakacheka kwa pamoja kama kwenye karamu. Mkono ukabaki juu. Ana wageni, aliwaza. Nesta amekuja kutoka Mbeya na wenzake, wamejaa sebuleni, na Ketrina hata hakumpigia kelele ukutani kwamba leo kuna ugeni. Mtu anakusema kesho yako ndefu, kumbe kesho ameshaijaza watu wengine.

Mwanamvita huyo ndiye aliyejua, kama unavyojua wewe, kwamba televisheni za siku hizi zinamwongelesha mtu mmoja kutwa kucha. Ya kwake ilifanya hivyo kila siku. Lakini pale getini, moyo umeshatonesheka, masikio yalirudi sebuleni kwa Bashiri. Nyumba inayoongea ni nyumba yenye watu. Akashusha mkono, akarudi na bakuli lake. Ashraf alikula vile vitumbua huku anaangalia mpira kwenye simu, akasema ni vitamu, na mama yake akaenda kuosha bakuli.

Jumamosi kutwa alinuna. Sauti za ng'ambo ya ukuta ziliendelea tangu asubuhi, mahubiri, muziki, matangazo, na yeye akawa anazisikiliza kwa kijicho. "Wageni wa Mbeya hawachoki," alimwambia Ashraf. Salamu ya ukutani haikuja, naye akasema moyoni kwamba hataanza yeye. Ndiyo hasira ya mtu anayependa, haina maarifa.

Alasiri umeme ukakatika.

Mtaa mzima ulizimika kauli kwa pamoja. Hilo ndilo jambo moja lililobaki Chapwa linalofanana na zamani, kwamba umeme ukikatika, watu hutoka nje. Milango ikafunguliwa, wengine wakakaa vibarazani wakilalamika, watoto wakaanza kukimbizana. Mwanamvita naye akatoka na kiti chake, akatengeneza uso wa kununa, akalitazama geti la Ketrina akingoja wageni watoke ili awasalimie kwa ubaridi. Hawakutoka. Nyumba yote ile ya watu, na hapakusikika kikohozi.

Akaondoka kitini. Uso wa kununa ulikuwa umeshamtoka. Alikwenda ukutani, mahali pao, akapaza sauti yeye kwanza. "Mulishani mukwai."

Akangoja. Akarudia. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa kali mno, na Ashraf alitoka mbio, na majirani wakainuka vibarazani.

Ashraf alitandika gunia juu ya chupa, akaruka ukuta na kufungua geti. Mlango wa sebuleni ulikuwa umerudishiwa tu. Ketrina alikuwa kitini pake, kichwa kimeegemea upande, rimoti kwenye mapaja. Kikombe cha chai mezani kilikuwa kimeota utando. Sebuleni hapakuwa na mgeni hata mmoja, wala hapakuwa na dalili kwamba aliwahi kuwepo. Mwanamvita alipiga magoti akamshika goti lile lile alilolishika akiwa mtoto, na likawa baridi na gumu. "Innalillahi," alisema.

Wanawake walikuwa wameshaanza kulia wakati umeme uliporudi. Televisheni ikawaka yenyewe. Mturuki mmoja mwenye suti akatokea kwenye kioo, akafungua mikono, akasema kwa Kiswahili safi kwamba leo ni siku ya furaha kubwa, na watu wakacheka kwa pamoja. Kilikuwa kicheko kile kile cha getini, au ndugu yake. Mwanamvita aliinuka akauvuta waya kutoka ukutani kwa nguvu hata soketi ikang'oka. Kisha akavua mtandio wake akaifunika televisheni, kama walivyofanya zamani mtaa ukifiwa.

Mganga wa zahanati alisema ni presha, na kwamba ilimpata Ijumaa. Asubuhi au jioni? Hakuweza kujua. Mwanamvita akamuuliza kama angegongewa mlango jioni ile, angewahiwa. Mganga aliangalia chini, akasema mambo hayo ni ya Mungu. Mwanamvita alijua maana ya mtu kuangalia chini.

Wakamzika Ketrina kwa nyimbo za kanisani kwake, na Mwanamvita akashinda msibani tangu mwanzo mpaka tanga likaanuliwa. Aliosha vyombo vya watu asiowajua. Vijana waliokesha walikaa kwenye maturubai, kila mmoja na simu yake na waya masikioni, nyuso zimemulikwa na mwanga wa vitu tofauti. Zamani angewakemea. Safari hii aliwapita na sinia la vikombe.

Watu walipoondoka alibaki Nesta, anakusanya nguo za mama yake. Mwanamvita alikuja kumsaidia kukunja. Wakakunja mpaka vitenge vyote vikaisha. Ndipo Nesta akakaa kwenye kiti cha marehemu mama yake.

"Ijumaa nilimpigia, mama mdogo. Hakupokea. Nikasema yupo kwenye tamthilia yake, si unajua hapokei akiwa anaangalia. Jumamosi nikawa zamu. Nikasema anaangalia tu. Mimi ndiye niliyemletea hiki kitu."

Mwanamvita alitafuta pa kukaa. Kilikuwepo kigoda cha jikoni, akakivuta akakaa ubavuni mwa televisheni, ambayo bado ilifunikwa mtandio wake.

"Wewe upo hapa ukutani," Nesta alisema. "Hukusikia chochote?"

Yote yalikuwa kooni mwa Mwanamvita, vitumbua, geti, mkono ulioinuliwa ukashushwa. Alitamani kuyatapika, amlilie mtoto huyu, amwambie si wewe uliyekosea, ni mimi. Lakini alimtazama usoni, akamwona mtu anayengoja aambiwe lori lile ni la nani.

"Nilisikia, mwanangu. Nilisikia televisheni, na nilimsikia mama yako. Alikuwa anacheka."

"Anacheka?"

"Anacheka sana."

Nesta alijifuta pua kwa kiganja. "Anacheka nini?"

Mwanamvita akakaa vizuri kwenye kigoda. "Kulikuwa na karamu," akasema. "Yule bwana mwenye suti alikuwa anaoa, sasa mama mkwe akaja na mbwa." Akatoa sauti ya bwana mwenye suti, akatoa ya mama mkwe, akasema mama yako alikuwa anawasahihisha wale watafsiri, anawaambia si hivyo, nipeni kigoda changu. Nesta akacheka kidogo huku machozi yanamtoka, akaegemea kiti, akafumba macho.

"Endelea," akasema.

Mwanamvita, ambaye hakusikia cheko lolote la Ketrina siku ile, akaendelea kumtafsiria mpaka giza likaingia.